Somo: Majina yanapobadilika, daftari letu lifanye nini?



Somo letu safari hii linahusu daftari la familia. Pengine mtauliza: daftari na amani vinahusiana namna gani? Nianze na jambo nililoliona mwenyewe hapa Kolwezi, siku ya kugawa turubai na sabuni. Mama mmoja alikuja na karatasi ya zamani iliyoandikwa kwamba anatoka Kasai-Oriental. Karani akatafuta katika orodha mpya, akakuta jina lile lile, lakini la mtu wa jimbo la Lomami. Akamwambia, "Mama, huyu si wewe." Mama akajibu kwamba yeye ni wa Kabinda na hajawahi kuwa wa mahali pengine. Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika kwamba wageni wanajiandikisha mara mbili. Tulitumia karibu saa nzima kuwatuliza.

Mama alisema kweli, na karatasi zote mbili zilisema kweli. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilipanga majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa, na mpango huo ulitekelezwa mwaka 2015. Kasai-Oriental ya zamani ikatoa majimbo matatu: Lomami, ambamo Kabinda imo, Sankuru, na Kasai-Oriental iliyobaki ndogo upande wa Mbuji-Mayi. Mama hakuhama jimbo. Jimbo ndilo lililomhama.

Kwetu mambo ni magumu zaidi. Katanga iligawanywa katika majimbo manne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba. Lakini jina Lualaba lilikuwapo kabla. Ilikuwa wilaya yenye teritwari za Dilolo, Sandoa na Kapanga, na Kolwezi haikuwamo. Leo Kolwezi ndiyo makao makuu ya jimbo la Lualaba. Kwa hiyo, ukikuta neno "Lualaba" katika daftari la mwaka 2010, halimaanishi kile linachomaanisha katika daftari la leo. Jina jipya kabisa kila mtu analiona na anauliza. Jina la zamani lililopewa maana mpya linapita bila kuulizwa, na hapo ndipo tunakosea.

Watu wa kompyuta wana neno kwa jambo hili. Makubaliano juu ya vitu tunavyoviandika, maana ya kila kimoja, na namna kinavyohusiana na kingine, wanayaita ontolojia. Mpangilio wa safu zenyewe, yaani jina, umri, mahali, sababu ya kuhama, wanauita skima. Msiogope maneno hayo. Kiongozi wa kambi mwenye kalamu na daftari la mistari anafanya kazi hiyo hiyo.

Kwanza tujue ni badiliko la aina gani. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 hadi 1997 Katanga iliitwa Shaba. Hapo jina tu ndilo lililobadilika, na unaweza kuandika "Shaba, sasa Katanga" bila kumuuliza mtu yeyote. Kugawanywa ni jambo lingine. Hakuna karani anayeweza kukaa mezani na kugeuza "Katanga" kuwa moja ya majimbo manne. Itabidi aulize familia. Lakini kama daftari lilikuwa na safu ya teritwari, kazi ni nyepesi: Dilolo ni Lualaba, Pweto ni Haut-Katanga, Manono ni Tanganyika, Bukama ni Haut-Lomami. Ndiyo maana ninawaomba sana muandike mahali padogo kabisa, kijiji na teritwari, hata kama fomu inauliza jimbo peke yake.

Pili, usifute. Piga mstari mmoja ili maandishi ya zamani yasomeke, andika jipya pembeni, weka tarehe na jina la aliyebadilisha. Kila familia iwe na namba yake isiyobadilika, na familia ikiondoka namba hiyo asipewe mwingine. Hata wanaotunza alama za kimataifa za majimbo walifanya hivyo: alama ya Katanga, CD-KA, iliondolewa, na majimbo manne yakapewa kila moja alama yake. Hakuna lililorithi ile ya zamani.

Sababu za kuhama nazo zinabadilika. Orodha nyingi zilikuwa na safu ya "vita" tu. Lakini Mkataba wa Kampala, uliopitishwa mwaka 2009 na kuanza kutumika mwaka 2012, unataja pia watu wanaohamishwa na majanga ya asili na miradi. Mwaka 2017 kuna familia zilizohamishwa Kasulo kwa sababu ya machimbo. Ziandikwe wapi? Mkiongeza safu mpya, angalieni familia za zamani: nafasi yao tupu maana yake ni "hakuulizwa". Isisomwe kama "hapana". Nimeona watu wakikosa msaada kwa kosa hilo moja.

Kuna safu moja ambayo mimi naipinga: kabila. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Mahali ulipotoka karibuni, mahali ulipozaliwa, na asili ya babu yako ni mambo matatu. Safu moja yenye jina "asili" inayachanganya yote, na kila karani anaijaza kwa maana yake. Kwa kugawa sabuni, la kwanza linatosha.

Kwa mazungumzo ya kikundi: chukueni daftari lenu la zamani kuliko yote na familia kumi kutoka humo. Kila neno la mahali, ulizeni: lilimaanisha nini mwaka ule, na leo linamaanisha nini? Nani kati yetu ana ruhusa ya kubadilisha maana ya safu, na watu wataambiwa lini: kabla ya siku ya kugawa, au wakiwa tayari kwenye mstari? Familia zenyewe ziwepo mnapofanya hivyo, na kalamu ya rangi ya pili isikosekane.