Somo: Utunzaji wa Mabwawa ya Maji Machafu ya Kahawa

Mavuno yanapofikia kilele, makatibu wa vyama vyenye viwanda vya kumenya kahawa hupokea lalamiko moja kutoka kwa majirani: uvundo wa mabwawa. Mara nyingi walalamikaji ni wanachama wenyewe, walioleta kahawa yao mbivu mchana na kukosa usingizi usiku. Kuwajibu kwamba harufu ni ya msimu tu si haki, wala si kweli.

Maji yaliyomenyea na kuoshea kahawa hubeba sukari na ule utelezi unaofunika mbegu. Yakikaa, sukari huchachuka ikawa asidi, na kipimo cha pH huweza kushuka hadi 4 au chini yake. Vijidudu vinavyosafisha maji katika bwawa la kwanza hustawi penye kipimo kilicho karibu na 7. Katika uchachu hudhoofika, asidi zikazidi kulimbikana. Tena, katika maji machachu gesi yenye harufu ya yai viza hutoka kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo kazi huanzia mashineni. Maganda, ambayo ni kama asilimia 40 ya uzito wa kahawa mbivu, yachekechwe na kupelekwa kwenye shimo la mboji siku ile ile. Yakirundikwa kando ya bwawa, maji yake hutiririkia humo. Maji ya kumenyea yazungushwe na kutumika tena mpaka kazi ya siku iishe. Bwawa linalopokea maji machache hupata nafasi ya kuyasafisha.

Chokaa ikorogwe kwanza katika maji, kisha itiwe kidogo kidogo kwenye mfereji uingiao bwawani. Kuitupa kwa makoleo katikati ya bwawa ni kupoteza fedha, kwani huzama. Karatasi za kupimia pH ni rahisi kutumia, na mtunza kiwanda apime kila siku.

Hapa wengi hukosea. Gaga linalofunika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, lisivunjwe, maana huzuia harufu. Bali povu na takataka zielazo juu ya mabwawa mafupi yanayofuata ziondolewe, kwa sababu huziba mwanga unaohitajiwa na mimea midogo ya kijani itoayo oksijeni.

Tope likifika theluthi ya kina cha bwawa la kwanza, litolewe baada ya msimu. Mtu yeyote asiingie shimoni; gesi zake huua kabla mtu hajaweza kupiga kelele.

Yote haya yahitaji fedha. Chokaa, karatasi za kupimia na ujira wa kutoa tope viingizwe katika makisio ya chama kabla ya mkutano mkuu. Katibu afungue daftari la kuandika kilo za kahawa zilizopokelewa, kipimo cha pH na chokaa iliyotumika kila siku, na majirani wanaoteka maji ya kijito chini ya kiwanda waruhusiwe kulisoma.