Ukitaka Kufundisha Uongozi Nairobi

Saa kumi na mbili jioni, wanafunzi wa MBA wanaingia darasani wakiwa na mavazi ya kazini, wengine beji za ofisi bado ziko shingoni. Mwalimu amewagawia kurasa chache kuhusu mwenyekiti wa sacco (chama cha akiba na mikopo) aliyempa shemeji yake kazi. Swali lake ni moja: ungekuwa kwenye bodi, kesho asubuhi ungefanya nini? Kwa saa nzima yeye huongea kidogo sana.

Huyo ndiye mhadhiri wa uongozi akiwa kazini. Ukitamani nafasi yake, jiulize kwanza umewahi kuongoza nini, hata chama cha watu kumi. Naliweka swali hili mbele ya vyeti kwa sababu wanafunzi wa jioni wana mameneja wao na mishahara ya kulipa. Humtambua upesi anayesema asiyoyajua.

Vyeti navyo havikwepeki. Baada ya uzamili huja uzamifu, ndio Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) inaoutaka kwa wahadhiri. Kutoka mhadhiri unapanda hadi mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Kinachokupandisha ni makala katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu, pamoja na wanafunzi uliowasimamia hadi wakahitimu. Miaka ya utumishi peke yake haitoshi.

Mahali pa kuanzia hapako mbali na katikati ya jiji. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha biashara Lower Kabete kwa miaka mingi. Jirani yake ni Kenya School of Government, iliyoanza mwaka 1961 kama Kenya Institute of Administration, na hufunza watumishi wa umma. Strathmore Business School, Madaraka, ilianzishwa mwaka 2005 na hufundisha sana kwa visa halisi vya kampuni.

Wengi hukwama katikati ya uzamifu, na mara nyingi chanzo ni mada. "Athari za uongozi kwa utendaji" ni mada isiyo na mlango. Chagua jambo unaloweza kuliona likitendeka: kwa mfano, jinsi bodi za sacco za matatu zinavyobadilisha viongozi. Halafu tafuta msimamizi anayesoma rasimu na kuirudisha. Waulize wanafunzi wake kabla ya kujisajili. Kibali cha utafiti huombwa mtandaoni kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ofisi zake ziko Upper Kabete, kando ya Waiyaki Way. Omba mapema, maana bila kibali hupaswi kuanza kukusanya data.

Pesa? Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma mwaka 2025 wakidai malipo ya mkataba wa 2017–2021. Panga maisha ukilijua hilo. Wengi huongezea mafunzo kwa mashirika, na wengine huitwa serikalini: Bitange Ndemo, aliyekuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa katibu wa kudumu wa habari na mawasiliano kati ya 2005 na 2013, kisha akarudi darasani.

Usingoje uprofesa ndipo uandike kisa chako cha kwanza. Nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa sacco unayoijua, kwa ruhusa, ukae nyuma na daftari. Andika nani aliongea, nani alinyamaza, kura ilipigwaje. Kisha wapelekee viongozi wa sacco hiyo rasimu waisome na watie sahihi kabla hujaipeleka darasani. Mwenyekiti akikataa, kisa hicho ni chake, tafuta kingine.