Nimlipe wakala dola 200?

SWALI: Mimi ni mwalimu huku Masisi. Nimemaliza riwaya ya Kiswahili, kaye (daftari) nne kwa mkono. Kuna mtu Goma anajiita wakala wa waandishi, anataka dola 200 ndipo aisome. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata faranga moja, mwalimu. Wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma. Hukata asilimia yake, mara nyingi 15, kwenye kile anachokulipa mchapishaji. Usipolipwa, naye hali. Tena kwa riwaya ya Kiswahili wakala si lazima: wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi hupokea miswada kwa waandishi wenyewe. Fuatilia pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Imeshindanisha hata miswada isiyochapishwa.

Lakini kwanza ziokoe hizo kaye. Huko Masisi na Walikale watu hukimbia vita usiku, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na daftari hubaki ndani. Piga picha kila ukurasa kwa simu, ukipata mtandao ujitumie kwa barua pepe. Halafu anza kuchapa sura ya kwanza. Picha hizo zipige leo, mwalimu, kabla jua halijazama.