Fidia ya Aliyedhulumiwa

Tembo akitoka porini akamwua mkulima huko Liwale au katika vijiji vya Kilwa, serikali huwapa jamaa zake kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 zilitaja shilingi 1,000,000 kwa aliyeuawa; na shamba likiliwa, mwenyewe hupewa kifuta jasho. Fedha hizo ni kidogo, tena hukawia, lakini wajibu umekwisha kukubaliwa. Je, mkulima yule yule akiuawa na mnyang'anyi njiani, akirudi kuuza ufuta wake? Hapo mjane hana kifuta machozi cha serikali.

Msomaji atasema: sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 yamruhusu hakimu kumwamuru mkosaji alipe fidia, na Katiba, ibara ya 107A, yazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo. Lakini mlipaji ni nani? Ni mkosaji. Naye akikamatwa, yumo gerezani, mara nyingi hana hata nguo ya pili. Asipokamatwa, hakuna wa kuamriwa. Faini nayo huingia hazina.

Basi kwa nini serikali ilipe kosa isilolitenda? Watu wa pwani walijua diya, mali iliyotolewa kwa jamaa za marehemu ili damu isidaiwe kwa damu. Dola ikakataza kisasi, ikajitwalia yenyewe kazi ya kulinda na kuadhibu. Ilifanya vema. Ila raia aliyeuweka upanga wake chini kwa kuahidiwa ulinzi ana dai juu ya aliyemwahidi, ulinzi ukikosekana.

Fikira hii si ngeni duniani. New Zealand ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1963, Uingereza ikafuata mwaka 1964. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulizihimiza serikali zijitahidi kulipa pale mkosaji asipoweza. Jirani zetu wa Kenya waliweka mfuko wa wahanga katika sheria yao ya mwaka 2014.

Wengine huogopa wadanganyifu. Hofu hiyo si ya bure, lakini hata madai ya tembo hukaguliwa kwanza na ofisa. Wengine huuliza fedha zitatoka wapi. Na zianze na zile faini: sehemu yake iwekwe kando, mjane apate walau gharama za mazishi na karo ya watoto, kesi ikiendelea.