Chatu Akimuuma Mtu

Nyoka wanaotajwa mara kwa mara katika mafundisho ya afya ni wale wenye sumu: fira, koboko, kifutu. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya nyoka asiye na sumu hata chembe, lakini ambaye majeraha yake hutunzwa vibaya sana vijijini mwetu. Kwa kuwa chatu hana sumu, wapo wanaosema jeraha lake si kitu. Hupaka majivu na kurudi shambani. Na kwa kuwa ni nyoka, wapo wanaomfunga mgonjwa kamba, wakamchanja kwa wembe na kumnyonya damu. Wote wanakosea, na kosa la kila upande laweza kugharimu mkono au maisha.

Ni nani hasa huumwa na chatu? Kwanza ni mkulima na mfugaji anayeishi karibu na mto, bwawa au mbuga yenye majani marefu, maana chatu hupenda maji na hufuata ndezi, mbuzi na mbwa. Pili ni wale wanaomfuga. Katika Ulaya na Marekani watu wengi hufuga chatu majumbani kwa kujifurahisha, wakiwamo chatu waliotoka Afrika. Huku kwetu mfano unaojulikana zaidi ni wa Usukumani, ambako chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka tangu zamani, hucheza ngoma na chatu mabegani. Waliowahi kuhudhuria Bulabo kule Bujora, Mwanza, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, wanafahamu jinsi watoto wanavyosukumana mbele ili wamguse. Hatuandiki kuilaumu ngoma hiyo. Tunaandika kwa sababu fundi wa nyoka ana mazoezi ya miaka mingi, na mtoto anayemwiga hana.

Meno ya chatu

Chatu ana safu nne za meno juu na safu mbili chini. Meno hayo ni membamba, makali kama sindano, nayo yamepinda kuelekea kooni, mfano wa ndoana ya kuvulia samaki. Mnyama aliyeshikwa, kila anapojivuta nje, ndivyo meno yanavyozidi kuzama. Hapo ndipo penye siri ya jeraha baya la chatu: mara nyingi nyoka ametoboa tu, na mtu mwenyewe, kwa hofu, ndiye aliyechana nyama kwa kunyofoa mkono wake.

Kuna namna mbili za kuuma. Namna ya kwanza ni ya kujihami. Umemkanyaga, umemsogelea jike anayelalia mayai, au umemshika siku ambazo macho yake yamegeuka meupe kama maziwa kwa kuwa anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri. Huuma na kuachia papo hapo. Namna ya pili ni ya njaa. Chatu ana vishimo midomoni ambavyo humwezesha kuhisi joto la mwili hata gizani, na pua yake hufanya kazi pamoja na ulimi. Mkono wenye joto unaonuka kuku au sungura, kwake ni kuku au sungura. Basi huuma, hung'ang'ania, na kujizungusha.

Zamani tulifundishwa kwamba chatu huua kwa kuzuia pumzi. Pumzi huzuiwa kweli, ila uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2015, kwa nyoka wa jamii ya boa wanaobana kama chatu, ulionyesha kwamba mbano husimamisha mzunguko wa damu ndani ya sekunde chache, na moyo hushindwa kabla mnyama hajakosa hewa. Ndiyo maana mtu aliyebanwa kifuani au shingoni hana muda wa kungojea mzee fulani aitwe kutoka kijiji cha pili.

Kumtoa

Ikiwa chatu ameuma na hakuachia, jambo la kwanza ni gumu kuliko yote: usivute. Tulia, shika kichwa chake nyuma ya taya kwa mkono mwingine ili asitikise, na uite msaada kwa sauti. Anayekuja kusaidia aanze na mkia. Mkia ndio sehemu nyembamba na dhaifu; ukiushika na kuuzungusha kinyume, duara moja baada ya jingine hulegea. Ukianza katikati ya mwili utapoteza nguvu zako bure, kwani chatu wa mita nne au tano ni msuli mtupu.

Mdomo nao una njia yake. Mwagieni kichwa chake maji baridi kwa wingi, au tumbukizeni mkono pamoja na kichwa ndani ya ndoo. Wengi huachia hapo. Asipoachia, tieni matone machache ya spiriti au pombe kali pembeni mwa mdomo wake; wafugaji wa nyoka hutumia njia hii na hufaa. (Hii ndiyo kazi pekee ya gongo tunayoweza kuisifu katika ukurasa huu.) Anapolegeza, sukumeni kichwa mbele kidogo kuelekea jeraha ili ndoana zichomoke, kisha inueni. Msichome moto, wala msipanue taya kwa kisu. Meno yatakatikia ndani ya nyama.

Akiwa amezunguka shingo au kifua, mwenye kubanwa aweke kidevu chini na, kama bado anaweza, apitishe mkono kati ya shingo na nyoka. Wengine wote waliopo wakimbilie mkia. Uhai wa mtu hutangulia uhai wa nyoka, lakini panga ni la mwisho kabisa: chatu aliyekatwa haachii mara moja, na katika fujo ile panga laweza kumpata mgonjwa. Mwezi Aprili 2009, karibu na Malindi nchini Kenya, mfanyakazi wa shamba alikamatwa na chatu akapandishwa juu ya mti. Kwa jinsi habari zilivyotangazwa, alimuuma nyoka mkiani, akamfunika kichwa kwa shati, na alipopata nafasi ya kuichukua simu yake akaomba msaada. Polisi na wanakijiji walimshusha kwa kamba baada ya saa kadhaa, akiwa hai. Tunampongeza kwa kutokukata tamaa, lakini jambo tunalotaka lionekane zaidi ni kwamba walikuja watu wengi, na walikuja na kamba.

Akitolewa hali amezimia na hapumui, alazwe chali mahali pagumu. Kandamiza katikati ya kifua kwa viganja viwili, kwa mtu mzima kina cha sentimeta 5 hadi 6, mara 30 kwa mwendo wa haraka, kisha mpulizie pumzi 2 mdomoni huku umeziba pua. Rudia hivyo mpaka apumue au mganga afike. Hata aliyezinduka akasema hajambo apelekwe hospitali, maana mbavu zaweza kuwa zimevunjika.

Kutunza jeraha

Jeraha la chatu hutoka damu nyingi na hutisha. Lifunike kwa kitambaa safi, kandamiza kwa kiganja dakika kumi bila kuchungulia, na uinue mkono au mguu juu. Damu ikikoma, osha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kwa muda mrefu, dakika kumi au kumi na tano, si kunawishanawisha. Lengo ni kutoa uchafu na mate ya nyoka ndani ya vile vitundu. Kisha funika kwa shashi au kitambaa kilichopigwa pasi.

Usipake majivu, masizi, dawa ya meno, mafuta ya nyoka wala kinyesi cha ng'ombe. Hicho cha mwisho twakisisitiza, maana vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, navyo hupenda jeraha jembamba lenye kina, lisiloingia hewa. Jeraha la jino la chatu ni la namna hiyo hasa. Pepopunda haiji siku ile. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya 3 na ya 21, kwa taya kukaza, kumeza kwa shida, kisha mgongo kupinda kwa mkakamao. Ikifikia hapo, hata hospitali kubwa hupoteza wagonjwa. Kwa hiyo aliyeumwa aende zahanati siku hiyo hiyo na kadi yake ya chanjo. Akina mama wengi walichomwa sindano za pepopunda walipokuwa wajawazito. Wanaume wengi wazima hawakupata kitu tangu utoto wao, na hao ndio wanaoshinda shambani na kandokando ya mito.

Zahanati mganga ataangalia pia kama kuna jino lililobaki. Meno ya chatu hukatika kwa urahisi, na jeraha linalokataa kupona, likitoa usaha kila mara, mara nyingi lina kipande ndani. Naye ndiye atakayeamua kama jeraha lishonwe au liachwe wazi, na kama dawa za kuua vijidudu zinahitajika. Msinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kubahatisha. Rudini upesi mkiona wekundu unaotambaa, uvimbe, joto, usaha, mitoki au homa.

Je, kweli alikuwa chatu?

Hapa tunaomba usikivu wa pekee. Kifutu, au moma kama wengine wamwitavyo, hudhaniwa mara nyingi kuwa mtoto wa chatu. Wote wawili ni wanene, wana madoa, na hawakimbii haraka. Watu wamemshika kifutu mkononi kwa dhana hiyo, na wapo waliokatwa vidole au mkono baadaye. Kifutu ni mfupi, kwa kawaida karibu mita moja, kichwa kipana, shingo nyembamba, magamba yanayokwaruza na michirizi kama herufi V mgongoni. Chatu ana magamba laini yanayong'aa, mabaka makubwa yasiyo na mpangilio, na utosini alama kama ncha ya mkuki.

Jeraha la chatu huwa na vitundu vingi vilivyojipanga mfano wa upinde. La kifutu huwa na kimoja au viwili, na mahali pale huvimba na kuuma sana, uvimbe ukipanda saa hata saa. Lakini tusimtegemee mtu aliyeogopa ahesabu vitundu. Kama hamna hakika, mhesabuni mgonjwa kuwa ameumwa na nyoka mwenye sumu: mvueni pete na bangili, asitembee, kiungo kitulizwe kwa ubao, apelekwe hospitali haraka. Msimfunge kamba ya kuzuia damu, msimchanje, msimnyonye.

Na kama mna hakika ni chatu, semeni hivyo kwa mganga, na kama mlimpiga picha kwa simu mkiwa mbali mwonyesheni. Dawa ya kupinga sumu ya nyoka ni adimu na ni ghali, tena yaweza kumletea mgonjwa mshtuko mkali wa mzio. Aliyeumwa na chatu haihitaji.

Tunaulizwa juu ya jiwe jeusi. Jiwe hilo ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, nalo lilienezwa barani Afrika kwa nia njema na wamisionari wetu wenyewe. Misheni nyingi zilikuwa nalo kabatini. Hunata juu ya jeraha, na hilo huwapa watu matumaini. Halivuti sumu. Katika majaribio halikuokoa. Kwa chatu hakuna cha kuvuta, na kwa kifutu linapoteza saa ambazo mgonjwa alizihitaji barabarani.

Kwa wanaomfuga

Nchini Tanzania mnyama wa porini hafugwi bila kibali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yahusu na chatu. Wenye kibali wasimshike chatu mkubwa, tuseme wa mita mbili na nusu au zaidi, mtu akiwa peke yake. Katika Uingereza kijana mmoja aliyewazoea nyoka sana aliuawa na chatu wake nyumbani mwaka 2017, na chatu yule alikuwa wa mita 2.4 tu. Nchini Kanada, mwaka 2013, chatu wa Afrika alitoroka usiku akawaua watoto wawili wadogo waliolala. Marekani ilikataza kuingiza chatu wa Afrika kuanzia mwaka 2012.

Kwa hiyo: sanduku lenye kufuli, si kapu lililofunikwa kwa kanga. Mikono inawe kabla ya kumshika, hasa kama ilichinja kuku, na inawe tena baada ya kumshika, kwa kuwa nyoka hubeba katika utumbo wake vijidudu vya salmonela viletavyo kuhara na homa kali. Asiogeshwe katika beseni la vyombo. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye upungufu wa kinga wasimguse kabisa, hata siku ya ngoma. Chumba anacholala nyoka, mtoto asilale humo.