Pua, Kifua na Hewa ya Theluji

Wenzangu, wengi wenu mwajua habari za Philip Boit, Mkenya aliyekwenda Nagano, Japani, mwaka 1998 kushindana katika mbio za theluji za kilomita 10. Alifika wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngojea akamkumbatia. Watu husimulia kumbatio lile. Mimi hujiuliza kifua chake kiliistahimilije hewa ile.

Pua ni jiko na mtungi pamoja: huipasha hewa moto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni. Lakini akazaye mwendo haitoshi pua. Hufunua kinywa, na bingwa aweza kuvuta zaidi ya lita 100 za hewa kwa dakika moja. Hewa ya baridi kali ni kavu mno. Huzinyang'anya njia za pumzi maji yake, utando wa ndani hukauka, na misuli izungukayo njia hizo hujikaza. Hapo kijana hukohoa, kifua humbana, pumzi hulia kama filimbi. Mambo haya yakirudiwa miaka mingi njia hizo huumia. Ndiyo maana pumu ni nyingi kwa wakimbiaji wa theluji.

Basi dawa ya kwanza ni kitambaa tu. Kijana ajifunge skafu puani na kinywani: pumzi itokayo huacha joto na unyevu humo, na iingiayo huvichukua. Kikilowa na kuganda, akibadili. Tena aanze polepole, robo saa au zaidi, ndipo akaze. Mwenye mafua apumzike. Mwenye pumu aivute dawa yake kama daktari alivyomwagiza, na kichupa akiweke karibu na mwili, maana hata dawa hudhoofika kwa baridi.

Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard haliruhusu mbio hizi baridi ikipita digrii 20 chini ya sifuri. Hiyo ni kanuni ya mabingwa! Mtoto wa miaka 12, ambaye njia zake za pumzi ni nyembamba, mimi ningemrudisha ndani mapema zaidi.

Nanyi kaka zetu mliosoma hapa, mlioko ng'ambo na watoto: mtoto akikohoa dakika tano au kumi baada ya kusimama, msimwite mvivu, wala msiseme hajaizoea baridi. Mpelekeni kwa daktari apimwe pumzi, kabla ya kukimbia na baada yake.