JE, DINI HUMFANYA MTU KUWA MWEMA, AU HUKUSANYA WALIO WEMA TU?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

  

Somo la Ijumaa hii linatokana na swali ambalo vijana wetu huulizwa na wenzao shuleni na bandarini, kisha hulileta msikitini wakiwa wamekosa jibu. Swali lenyewe ni hili: Ninyi Waislamu mnasema dini yenu humfanya mtu kuwa mwema. Je, si kweli kwamba mtu mpole, asiyependa pombe wala fujo, ndiye anayevutwa na msikiti tangu mwanzo? Basi dini haikumfanya kitu, ilimkuta hivyo hivyo. Ni kama ndege wa aina moja kutua mti mmoja.

Usilicheke swali hili, ndugu msomaji, wala usimkasirikie aliyeuliza. Maana kama anayosema ndiyo kweli yote, madrasa tunawapeleka watoto kufanya nini? Na yule jirani yako mgomvi unamwita kwenye sala kwa ajili gani?

Sisi watu wa Yangambi tuna mfano karibu. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya majaribio, tangu enzi ya INEAC iliyoanzishwa mwaka 1933 hadi INERA ya leo, wanajua habari ya michikichi. Hapa hapa petu, mwaka 1941, wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba unene wa ganda la ngazi unatokana na mbegu. Ukichanganya dura yenye ganda nene na pisifera isiyo na ganda, unapata tenera yenye ganda jembamba na mawese mengi. Udongo hauwezi kuigeuza dura kuwa tenera, hata uwe mzuri namna gani. Lakini ipande tenera hiyo porini, usiipalilie, iache ifunikwe na miti mingine, uone kama utajaza hata chupa moja ya mawese. Mbegu ni kweli na kupalilia ni kweli.

Mtume (S.A.W.) alikwisha kutufundisha jambo hili. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, aliwafananisha watu na madini ya dhahabu na fedha, akaeleza kwamba waliokuwa bora zama za ujahili ndio walio bora katika Uislamu, wakiifahamu dini. Tazameni sharti hilo la mwisho. Hakusema kwamba watu wote huingia wakiwa sawa kama karatasi tupu. Aliyeuliza swali ana haki kwa upande huo. Lakini madini yaliyoko ardhini hayajawa pete. Yanahitaji moto, na fundi, na muda.

Watazame masahaba. Abu Bakr (R.A.) alikuwa mkweli na mpole kabla ya wahyi kushuka, naye aliikubali dini bila kusita. Huyo kweli wema wake ulimtangulia. Lakini Umar bin Khattab (R.A.) alitoka nyumbani na upanga, anataka kumwua Mtume, na huyo huyo akaja kuwa khalifa aliyebeba gunia la unga usiku kuwapelekea watoto wenye njaa. Nani atasema kwamba Umar alivutwa na wenzake wa tabia moja? Kisha mtazame Abdallah bin Ubayy pale Madina. Aliswali nyuma ya imamu bora kuliko maimamu wote wa dunia, na alibaki mnafiki. Na Mut'im bin Adiy hakusilimu hata siku moja, lakini Mtume aliporudi kutoka Taif amefukuzwa kwa mawe, Mut'im ndiye aliyempa ulinzi wa kuingia Makka. Mtume hakuusahau wema huo. Baada ya vita vya Badri, Mut'im akiwa amekwisha kufa, alisema kwamba angekuwa hai na kuwaombea mateka wale, angewaachilia kwa ajili yake.

Wanne hawa, na kila mmoja ana hali yake. Kwa hiyo asije mtu na jibu la neno moja.

Sasa tuje nyumbani, na hapa nataka tuwe wakweli hata kama inauma. Uislamu ulifika kwetu kwa njia ya mto huu, kutoka Nyangwe na Kasongo, ukiwa pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip, aliwekwa na mfalme Leopold wa pili kuwa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1887. Watu wa misafara ile walifunga Ramadhani. Walikuwa na misahafu. Na mababu wa mto huu waliwaita Matambatamba, wakakimbia wakisikia bunduki zao. Mwezi wa Novemba 1883 Stanley, alipopanda mto kupita mdomo wa Aruwimi, alikuta vijiji vilivyochomwa na kambi yenye mateka zaidi ya 2,000, wengi wao wanawake na watoto. (Stanley naye hakuwa malaika, na mabwana zake waliosema wanakuja kukomesha utumwa walituletea kodi ya mpira na fimbo ya chikoti. Lakini dhambi ya mwingine haifuti ya kwetu.)

Watu wale walikuwa wameswali. Kwa nini sala haikuwazuia? Mwenyezi Mungu katika Suratul Ankabut, aya ya 45, anatufundisha kwamba sala humzuia mtu na machafu na maovu. Wanazuoni wanasema sala inayokuzuia ni ile unayoiswali moyo ukiwepo, kisha ukaisikiliza. Wale walikuwa na bunduki, na bei ya pembe Unguja ilikuwa inapanda, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia hapana. Mimi naona hapo ndipo penye jibu. Na ajabu ya Mola ni hii: wengi wa Waislamu wa kwanza wa nchi hii walikuwa watoto wa vijiji vilivyochomwa, waliolelewa kambini. Hao hawakuvutwa na dini kwa kufanana nayo tabia. Waliletwa wamefungwa kamba, na baadhi yao wakaielewa kuliko waliowafunga.

Weka hayo upande mmoja, kisha tazama Rwanda mwaka 1994. Katika mauaji yale ya kimbari watu waliuawa hata ndani ya makanisa, pale Ntarama na Nyarubuye na mahali pengi, na mwaka 2017 Papa Francis aliomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya dhambi za kanisa na watu wake. Waislamu wa Rwanda kwa sehemu kubwa hawakuingia katika kazi ile. Mtaa wa Biryogo, Nyamirambo, mjini Kigali, Wahutu Waislamu waliwaficha Watutsi, Waislamu na wasio Waislamu, na wako waliokufa kwa sababu hiyo.

Tunapenda kuisimulia habari hiyo, na ni haki yetu. Lakini tuisimulie yote. Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura lililochapisha zile amri kumi za chuki mwezi wa Desemba 1990, alikuwa Mwislamu kwa jina na kwa kuzaliwa. Mahakama ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2003, na katika rufaa ya mwaka 2007 kikawa miaka 35. Tena, Waislamu wa Rwanda walikuwa wachache, waliotengwa tangu wakati wa Wabelgiji, wakiwekwa katika mitaa yao iliyoitwa kambi za Waswahili. Hawakuwa na vyeo vikubwa serikalini. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: haikuwa dini, ilikuwa hali yao ya unyonge.

Ni neno la maana, lakini halitoshi. Wanyonge wangapi wamepewa panga na wakalitumia kwa furaha ili nao waonekane wakubwa? Katika mitaa ile watu walikuwa wameoana Mhutu na Mtutsi, waliongea Kiswahili pamoja, walisimama safu moja mara tano kwa siku, bega kwa bega, miaka na miaka. Siku muuaji alipobisha hodi kutaka jirani, jirani hakuwa tena kabila. Alikuwa ni fulani wa safu ya pili. Jambo hilo halikuzaliwa siku ile ya Aprili. Lilikuwa limepaliliwa.

Baada ya vita watu wengi Rwanda waliingia Uislamu. Wengine kwa shukrani, wengine kwa kutafuta usalama, na wako waliotaka kujificha na matendo yao. Hapo yule mwulizaji wetu ana ushahidi wake tena: watu huchagua dini kwa sababu zao. Na habari zikakuzwa sana, maana sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Waislamu kama asilimia 2 tu ya watu.

Wataalamu wa dunia nao wamelijaribu swali hili. Mjini Marrakesh, nchi ya Maroko, mtafiti mmoja aliwapa wenye maduka nafasi ya kuchagua fedha ziende kwao au kwa maskini. Adhana iliposikika walichagua maskini zaidi kuliko saa ambazo haikusikika, na matokeo yakatolewa mwaka 2015. Zingatia: ni wenye maduka wa soko lile lile, watu wa tabia moja. Basi hapa huwezi kusema dini ilikusanya wema tu. Adhana ilifanya kazi. Lakini iliponyamaza, mkono ukarudi mfukoni.

Na huko Princeton, Marekani, mwaka 1973, wanafunzi 40 wa chuo cha dini ya Kikristo walitumwa kwenda jengo la pili kuhutubia. Wengine walipewa hotuba kuhusu msafiri aliyemhurumia majeruhi njiani. Njiani akawekwa mtu ameinama, anakohoa. Walioambiwa wamechelewa, wengi walimpita. Wenye nafasi, wengi walisimama. Hotuba iliyokuwa kichwani haikusaidia sana, haraka ndiyo iliyoamua. Tusiwacheke Wakristo hawa. Fikiri unavyopita sokoni Ijumaa saa saba kasoro, na kipofu anakuuliza njia.

Kwa hiyo ukitaka kumjua mtu, usimpime kwa kofia. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimtolea mwenzake ushahidi mbele ya Umar, naye akamwuliza: umekuwa jirani yake? umesafiri naye? umefanya naye biashara ya fedha? Alipojibu hapana kila mara, Umar akamwambia kwamba huenda alimwona tu msikitini akiinama na kuinuka. Sisi hapa tunapimana kwa kopo la mchele, kwa deni la dukani, kwa siku tatu ndani ya mtumbwi kwenda Kisangani mashine ikiharibika. Wasio Waislamu wa mtaa wako wanakuona hapo hapo, hawakuoni katika safu.

Na kuna jambo moja linaloumiza. Yuko mtu anayefika nje ya msikiti, ana harufu ya lotoko ya jana, anasimama mbali. Wengine wetu humkunjia uso mpaka aondoke. Tukifanya hivyo, tunampa mwulizaji ushindi kwa mikono yetu wenyewe, maana ndani watabaki waliokuwa wapole tangu kwao. Madini yenye udongo mwingi tutakuwa tumeyatupa kabla ya moto.

Katika Bukhari imo habari ya mtu aitwaye Abdallah, waliyempa jina la utani Himar, yaani punda. Alikuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.). Alipigwa viboko kwa ajili ya ulevi, kisha akaletwa tena kwa kosa lile lile. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani kwa kuletwa mara nyingi hivyo. Mtume akamkataza asimlaani, kwa sababu mtu huyo alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Hadithi haikutaja kama baadaye aliacha kunywa.

Wabillahi tawfiq.